Vidoa Vyekundu Nyuma ya Dashibodi

Kabla ya kumpelekea fundi pikapu ya marehemu baba, nilijifungia ndani yake asubuhi nzima nikiwa na chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, niliyoiomba kwa dada yangu bila kumweleza sababu. Nilitia kidoa kimoja nyuma ya saa ya dashibodi, kimoja nyuma ya geji ya mafuta, kimoja nyuma ya swichi ya taa. Nililala chali chini ya usukani, simu ikiwa mdomoni kunimulikia, nikatia vingine kwenye vishikizo vya chuma ambavyo hakuna abiria angewahi kuviona. Vilitimia kumi na saba. Nikaviandika vyote katika daftari, kila kidoa na mahali pake.

Sikujiona mtu wa ajabu. Yeyote mwenye gari la zamani huku kwetu amesikia habari za aliyeliacha gereji siku tatu, akalirudisha nyumbani likiwa na sura yake na vipuri vya gari jingine. Tena baba mwenyewe alikuwa mtu wa alama. Magunia yake ya majani mabichi aliyafunga uzi mwekundu kila alipoyapeleka kwenye kituo cha kununulia chai, yasije yakachanganyika na ya jirani. Nilikulia katika imani kwamba mali isiyotiwa alama ni mali inayotafuta mwenyewe mwingine.

Pikapu hiyo ilinizidi umri. Dashibodi yake ilikuwa ya bati, si plastiki. Kiti kilikuwa kimoja kirefu cha watu watatu. Gia ilitoka ubavuni mwa usukani. Ilibeba chai, ikabeba maziwa, ikabeba mabenchi ya kanisa na sanduku langu la bweni. Na ilikuwa na harufu. Siku moja, nilipokuwa mdogo, baba alikiweka kibuyu cha mursik juu ya dashibodi tukitoka kwa shangazi, na kwenye mashimo ya njia ya Sosiot kizibo kikaruka. Maziwa yale yaliyochachuka yalilowesha kiti na kutiririka nyuma ya bati mahali ambapo kitambaa hakifiki. Tangu siku hiyo, jua likiwaka, gari lilinuka maziwa. Baba alisema tu, "Limenyonya, liacheni," na akaendelea kuliendesha kwa miaka yote iliyobaki.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya maendeleo ya jamii, na nilikuwa na mpango. Niliuchora kwenye karatasi ya miraba, kila sehemu na namba yake. Dashibodi ingepakwa rangi ileile ya maziwa iliyokuwa nayo zamani. Kiti kingevikwa turubai la kijani. Namba tano katika mpango ndiyo iliyokuwa muhimu kuliko zote: ule ufito wa baba, mrefu na mnyoofu, ambao wachumaji huulaza juu ya michai ili wasivune majani yaliyo chini ya usawa wake, ungepasuliwa kwa urefu na kupachikwa kwenye dashibodi, kutoka mlango hadi mlango. Sikutaka spika kubwa wala taa za buluu. Nilitaka yeyote atakayeketi mle ndani aelewe kwamba gari hili lilisomesha watoto.

Fundi bora wa kazi hiyo alikuwa na kibanda cha mabati Sosiot, kwenye kiwanja cha baba mdogo. Alishona viti, akarembesha dashibodi, akabadilisha dari za ndani. Wazazi wake walitoka ng'ambo ya Sotik, kwa watu wa kabila jingine, wakaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, naye alizaliwa hukuhuku, katika nyumba za wafanyakazi. Kikipsigis chake, lugha ya kwetu, kilikuwa fasaha kuliko changu, jambo ambalo lilipaswa kunipa furaha.

"Mpelekee," baba mdogo aliniambia. "Mkono wake ni mzuri, siwezi kataa. Lakini kaa macho, msichana wangu. Hawa watu wa ng'ambo wako na mambo yao. Ukiona kitu hakieleweki, wewe nipe neno moja tu. Kibanda ni changu na kufuli ni yangu."

Nilimjibu kwamba maneno kama hayo ndiyo yanayovunja nchi. Nilikuwa nimesimama katika kumbi za makanisa matatu mwaka huohuo, nikiwaeleza vijana kuhusu amani na utangamano. Lakini niliposhuka kutoka nyumbani kwake nilifahamu vizuri kwamba riziki ya mtu nisiyemjua ilikuwa imewekwa katika kinywa changu, na sikuirudisha kwa mwenyewe. Kuhusu vidoa vyangu, nilijiambia kwamba ningevitia kwa fundi yeyote wa kabila lolote. Niliamini hivyo. Leo sina hakika.

"Karibu, mwalimu," fundi alinipokea.

"Mimi si mwalimu."

"Mtu akileta karatasi ya miraba kwa gereji, mimi namwita mwalimu." Fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa jirani yake, alicheka bila kuinua miwani yake myeusi.

Aliusoma mpango wangu taratibu, kidole kikifuata namba. Alipofika namba tano aliuchukua ufito, akautelezesha mkononi hadi mwisho. "Hii imeshikwa sana," alisema. "Nikiipiga msasa, nitapiga tu upande wa ndani. Huu wa nje uache vile mzee aliuacha." Kisha akaingiza kichwa ndani ya gari na kuvuta pumzi. "Na hii gari yako ilikunywa maziwa."

"Harufu haimo kwenye mpango," nilisema. "Naomba usiguse chochote ambacho sikukiandika."

Alinitazama kidogo. "Sawa, mwalimu. Chochote."

Nilianza kumtembelea bila kumwarifu. Mara ya kwanza nilikuta ametundika gunia mlangoni kama pazia; akasema ni kwa sababu ya vumbi la jirani. Mara ya pili dashibodi ilikuwa imeng'olewa, waya zikiwa zimefungwa nyuzi za rangi mbalimbali, na vipuri vimepangwa juu ya turubai kama vyombo vya ugeni. Nilivipitisha machoni kimoja kimoja, nikijaribu kuonekana mtu anayestaajabia kazi.

"Ziko zote," alisema, akiendelea kukanyaga cherehani. "Maliza kuhesabu kwanza, halafu unisalimie."

Niliona haya, lakini haya haikuniondolea shaka. Iliizidisha. Kwa nini mtu asiye na la kuficha ajue kwamba anahesabiwa?

Mara ya tatu nilimkuta akiongea na simu, mgongo wake ukielekea mlangoni. Aliongea Kikipsigis kwa sauti ya chini, yenye heshima. "Ee, mama. Nitaweka nyuma kabisa, pale mkono wake haufiki. Hapana, sitamwambia." Aligeuka, akaniona, akakata simu.

"Mteja," alisema.

"Mteja gani?"

"Mteja tu, mwalimu. Hata mimi niko na wateja wengine."

Siku mbili nilizunguka na maneno hayo. Nyuma kabisa, pale mkono wake haufiki. Mkono wa nani, kama si wangu? Nilizipanga sababu zote njema nilizoweza kuzifikiria, kama nilivyofundishwa kufanya kabla ya kumhukumu mtu, na kila moja niliiona dhaifu. Usiku sikulala vizuri. Mama aliniuliza mara moja kama naumwa, nikasema ni uchovu, akarudi kwenye kazi zake.

Siku ya tatu nilifika saa ya chakula cha mchana. Fundi alikuwa ameenda hotelini. Jirani yake wa kuchomelea aliniona nikiinua lile gunia, akaendelea na kazi yake. Dashibodi ilikuwa imesharudishwa mahali pake, rangi ikiwa mpya, na ufito wa baba umelala juu yake ukimeremeta mahali palipopita mikono. Ilikuwa kazi nzuri sana. Hilo nalo nililiona la kutilia shaka.

Nilichomoa droo na kuingiza mkono kwenye tundu lake, nikausukuma hadi bega likagusa bati. Vidole viligusa kitu laini. Kilikuwa kifuko kidogo, kimeshonwa kwa mabaki ya turubai langu la kijani, kimefungwa kwa waya. Pembeni yake kilikuwapo cha pili. Nikapapasa chini ya kiti nikapata cha tatu na cha nne. Nilikifungua kimoja. Ndani yake mlikuwa na unga mweusi, laini kama masizi, ambao uliingia chini ya kucha zangu na kukataa kutoka.

Ninaweza kuyaeleza yote niliyoyafanya baadaye, lakini kuna jambo moja ambalo sikulifanya. Sikukipeleka kile kifuko puani.

Nilimpigia baba mdogo nikiwa nimesimama nyuma ya kibanda, mvua ikianza kudondoka.

"Kuna kitu," nilimwambia.

"Kitu gani?"

"Vifuko. Ameshona vifuko vyenye unga mweusi, ameficha ndani ya gari la baba."

Akasema, "Basi."

"Basi nini?"

"Basi umesema. Niachie mimi."

Sikulitaja neno uchawi. Sikuhitaji kulitaja, wote wawili tulijua ni neno gani lilikuwa likisubiri hapo katikati, na mimi, msomi, nilimwachia yeye alichukue. Niliondoka na kifuko kimoja mfukoni. Saa kumi nilipopita tena barabarani nikitoka dukani, kibanda kilikuwa na kufuli. Watu wachache walisimama mbali kidogo, mikono imekunjwa. Fundi alikuwa ameketi juu ya jiwe, bisibisi mkononi, cherehani yake ikiwa imefungiwa ndani pamoja na pikapu yetu. Alinyanyua uso. Nilifanya kama ninayesoma ujumbe kwenye simu, nikapita.

Nyumbani nilikiweka kifuko mezani. Mama aliingia kutoka kukamua, ndoo mkononi, akakiona kabla hajaniona mimi.

"Na hii umetoa ya nini? Gari itarudi kunuka."

Nilimtazama. "Mama, unajua hiki ni nini?"

"Wewe hujui?" Alicheka. Alikifungua, akachovya kidole, akakiweka kidole chake cheusi chini ya pua yangu. "Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwetu. Ilikuwa harufu ya vibuyu vilivyoning'inia ukutani tangu nipate akili: mkaa wa mti wa senetwet, ambao mama huusaga kwa kijiti ndani ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa, ili maziwa yakae siku nyingi bila kuharibika. Ndio unaoitia mursik ile rangi ya kijivu na vile vichembe vyeusi ambavyo watoto wa shule ya bweni walinicheka kwa ajili yavyo.

"Huyo fundi alinisimamisha siku moja nikipeleka maziwa," mama alisema. "Akaniuliza, mama, ile kitu mnatia kwa kibuyu, si ndiyo inakula harufu? Nikamwambia ndiyo, hata chooni ukiweka inakula. Nikamsagia kidogo. Akashona, akaniambia kwa simu atazificha vizuri zisikuharibie urembo."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe ulikuwa na karatasi," alisema mama. "Mimi ndiye nilimkataza. Nilijua utasema mkaa hauko kwa karatasi. Nilitaka siku moja uingie kwa gari usikie imenyamaza tu." Kisha akaniangalia vizuri, na kicheko kikamtoka usoni. "Kwani umefanya nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza amesimama, na ndoo hakuitua. Nilipomaliza alisema, "Tangu uwe na meno mawili unakunywa hii," na akatoka nje kwenda kuchuja maziwa.

Asubuhi tuliteremka pamoja. Mama alibeba kibuyu, sikumuuliza kwa nini. Kibandani tulimkuta baba mdogo akiwa na mwanamume mmoja aliyeshika utepe wa kupimia, wakipima upana wa mlango. Nilimfahamu mwanamume huyo: aliuza simu Litein, na kwa miezi kadhaa alikuwa akitafuta mahali pa kufungua duka Sosiot. Fundi alisimama upande wa jirani yake wa vyuma, amevaa shati safi kama mtu aendaye ofisi ya chifu.

"Fungua," mama alimwambia shemeji yake.

"Shemeji, haya mambo ni mazito. Msichana mwenyewe aliona."

Mama alimshika mkono, akaukunjua, akammwagia unga wa kile kifuko kwenye kiganja. "Lamba."

Baba mdogo alitazama kiganja chake. Nadhani alijua palepale. Ana vibuyu nyumbani kwake kama sisi. Jirani wa vyuma alisukuma miwani hadi kwenye paji la uso. "Mzee, ukiogopa hiyo mkaa ya mursik," alisema, "hakuna harusi utakula tena hii Kericho." Watu wakacheka. Fundi hakucheka.

Baba mdogo alinigeukia. "Wewe ulinipigia simu ama hukunipigia? Ulisema umeona."

Hapo ndipo ningeweza kujificha. Ningesema alinielewa vibaya, na ingekuwa kweli kiasi. Niliwatazama wale watu, baadhi yao waliowahi kuketi ukumbini wakinisikiliza.

"Nilimpigia," nilisema. "Niliona mkaa wa mama yangu nikadhani ni dawa mbaya, kwa sababu ya aliyeuweka. Angekuwa ameuweka mtu wa kwetu, ningeuliza. Huyu fundi hakufanya kosa lolote. Kosa ni langu."

Yule mwenye utepe aliukunja taratibu, akautia mfukoni. Baba mdogo alitafuta ufunguo katika mifuko mitatu kabla ya kuupata katika ule wa kwanza. "Mimi nilikuwa nalinda mali ya ndugu yangu," alisema, akifungua kufuli. Mpaka leo sijui kama alikuwa akiilinda, au kama alikuwa amenisubiri tangu siku ile nyumbani kwake aliponiomba neno moja.

Fundi aliingia. Aliizunguka cherehani yake, akalizungusha gurudumu lake, akafungua kisanduku na kuhesabu sindano. Akahesabu spana. Akainua turubai na kuangalia chini yake. Niliitambua kila hatua, kwa kuwa niliwahi kuzipiga zote mimi mwenyewe mlangoni pake.

"Naomba unisamehe," nilimwambia.

"Nimesikia," alisema.

Mama alimpa kibuyu. Alikipokea kwa mikono miwili na kumshukuru kwa Kikipsigis, kirefu, kama mtoto wa nyumba.

Kisha aliniwekea kigoda katikati ya kibanda. "Kaa hapo mpaka nimalize." Zilikuwa zimebaki siku tatu za kazi, nami nilikaa zote tatu. Hakuniita mwalimu tena. Kila kitu alichokishika alikitaja kwanza. "Kioo cha ndani. Unaona? Kioo." "Skrubu nne za mlango. Moja, mbili, tatu, nne." Nilimwomba asifanye hivyo. "Ni vizuri hivi," alijibu. "Nawe uone, na mimi nione kwamba umeona." Siku ya mwisho alivirudisha vile vifuko nyuma ya droo na chini ya kiti, akanitaka nitie mkono mwenyewe nihakikishe idadi.

Wiki iliyofuata alihamia Litein. Baba mdogo alimtumia watu wamwambie kibanda ni chake mpaka atakapochoka, lakini alikuwa ameshapakia cherehani. Nilimfuata hadi kando ya gari lililombebea mzigo.

"Si lazima uende," nilimwambia. "Kila mtu amesikia ukweli."

"Wamesikia," alikubali. "Lakini hapa sasa nitakuwa nashona nikiangalia mlango. Hiyo si kushona."

Pikapu imenyamaza, kama mama alivyotaka. Jua liwe kali namna gani, hainuki kitu ila turubai na mbao. Watu huniuliza nani aliyeifanyia kazi ile, nami huwaelekeza Litein.

Mwezi uliopita balbu ya saa iliungua. Niliona nitaiweza mwenyewe, nikanunua nyingine, nikafungua dashibodi kwa bisibisi na kuinua bati. Nilikuwa nimevisahau vidoa vyangu. Vilikuwapo. Nyuma ya saa na ya geji, mahali pasipopakwa rangi, vumbi la miaka yote lilikuwa limefutwa kwa uangalifu, kila kidoa kikazungukwa bila kuguswa. Kwenye vishikizo, ambavyo alivipaka upya, rangi ya maziwa ilikoma kwa mraba mdogo ulionyooka, mraba wa utepe wa karatasi unaobandikwa ili rangi isipite, na katikati ya kila mraba kulikuwa na bati la zamani na kidoa changu chekundu. Alikuwa amevikuta alipoing'oa dashibodi, siku za mwanzo kabisa, kabla ya simu ya mama, kabla ya mkaa. Akakata kipande cha utepe kwa kila kimoja. Nilikuwa nimemwambia asiguse chochote ambacho sikukiandika.

Nilijikuta nimefika kumi na moja kabla sijatambua kwamba ninahesabu. Nikaacha.

Nililirudisha bati na kukaza skrubu. Balbu mpya iko ndani ya droo. Jumamosi nitaipeleka pikapu Litein ili balbu aiweke yeye. Nikifika nitamkabidhi ufunguo, nimwambie sina karatasi, na kama atakubali kuupokea, nitamwachia gari niende zangu sokoni mpaka jioni.